Kwa nini hatukulia Mangi aliponyongwa? Uzi kuhusu dosari ya shujaa na lugha ya tanzia

Mwalimu wa Rau (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Jumamosi iliyopita kikundi chetu cha maigizo hapa Moshi kilikaa kusoma muswada wa kijana mmoja ambaye kwa miaka miwili amekuwa akiandika tamthiliya juu ya Mangi Meli, yaani chifu wa Wachaga wa Old Moshi. Wengi wenu mnaijua habari yenyewe. Meli, mwana wa Mangi Rindi, alirithi kiti akiwa bado kijana baada ya baba yake kufariki mwaka 1891. Juni 1892 wapiganaji wake waliwashinda Wajerumani vitani. Agosti 1893 Wajerumani wakarudi na nguvu kubwa zaidi na kumshinda. Na tarehe 2 Machi 1900 akanyongwa kwa tuhuma ya kupanga uasi, akiwa mmoja wa viongozi 19 waliouawa siku ile. Ni kisa ambacho mzee wa Old Moshi akikusimulia taratibu, koo inakukauka.

Lakini sisi tulipofika onyesho la mwisho, hakuna aliyeguswa. Mzee mmoja alikuwa anaangalia simu yake. Mama aliyepewa sehemu ya mama yake Meli alikunja karatasi zake na kuuliza kama chai iko tayari. Kijana akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeumia kweli, "Mtu ananyongwa hapa, mbona hamlii?" Sikuwa na jibu siku ile. Nimekaa nalo wiki nzima, na ninalileta hapa kwa sababu tatizo hili nimelikuta katika miswada mingi ya tanzia, yaani tamthiliya za anguko la shujaa, inayopita mikononi mwangu.

Ninavyoona mimi, Meli wa muswada ule hana dosari na hana ulimi wake mwenyewe, na huo ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili. Ni jasiri tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na maneno mazuri anayoyasema yangeweza kusemwa na mjomba wake, au na askari wake, au na mama yake, bila msikilizaji kugundua kwamba msemaji amebadilishwa. Mtu wa namna hiyo akiuawa jukwaani tunapata dhuluma na tunapata sababu ya kukasirika, ila tanzia hatuipati, kwa kuwa tanzia inataka tumwone mtu akitembea kwa miguu yake kuelekea shimo ambalo sisi tunaliona na yeye halioni.

Neno "dosari" lenyewe shuleni tumelizoea vibaya. Mwanafunzi akiulizwa dosari ya mashujaa wa tanzia maarufu, ya Macbeth anaandika "tamaa", ya Othello "wivu", ya Oedipus "kiburi", anapewa alama zake na kuendelea na swali linalofuata. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alitumia neno hamartia, ambalo linatokana na kitenzi kilichotumika pia kwa mtu aliyerusha mkuki akakosa shabaha. Anayekosa shabaha si lazima awe mtu mbaya. Huenda ana mkono wenye nguvu kuliko wenzake wote, na mkuki umepita juu ya mnyama kwa sababu ya nguvu hizo hizo. Ndiyo maana Aristotle alitaka shujaa wa tanzia asiwe mwema kupindukia wala mwovu, awe mtu wa kati anayeporomoka kwa kosa, ili tumhurumie kwa kuwa adhabu imezidi kosa lake, na tuingiwe na hofu kwa kuwa anafanana na sisi.

Mtazameni Oedipus, mfalme katika tamthiliya ya Mgiriki wa kale Sophocles. Alipata kiti cha Thebes kwa sababu alitegua kitendawili ambacho walioshindwa kukitegua walipoteza maisha yao. Huyu ni mtu ambaye maisha yamemfundisha kwamba fumbo likifumbuliwa watu huokoka. Basi tauni inapoingia mjini na kukasemwa kwamba muuaji wa Laius, mfalme aliyemtangulia, atafutwe, afanye nini zaidi ya kutafuta? Mkewe Jocasta, ambaye ameelewa kabla yake kwamba muuaji ni Oedipus mwenyewe, anamsihi aache kuuliza, naye haachi. Kipaji kilichomkalisha kitini ndicho kinachomng'oa. Sophocles haelezi haya pembeni. Anayaweka mdomoni mwa Oedipus mapema kabisa, pale mfalme anapomlaani mbele ya watu wote muuaji asiyejulikana, na kuongeza kwamba laana hiyo impate hata yeye iwapo muuaji anaishi nyumbani mwake naye akijua. Anasema hayo kwa kuwajali raia wake, na hadhira inayokijua kisa inasikia mtu akijisokotea kamba.

Shakespeare ana ufundi wa namna nyingine. Katika Macbeth, tamthiliya ya jemadari anayemuua mfalme wake ili atawale, wachawi watatu wanafungua tamthiliya kwa kusema kwamba jema ni baya na baya ni jema. Maonyesho mawili baadaye Macbeth anaingia jukwaani kwa mara ya kwanza, hajakutana nao bado, na sentensi yake ya kwanza kabisa inasema kwamba hajawahi kuona siku mbaya na njema kama hii. Maneno ya wachawi yamo kinywani mwake kabla hawajamwambia lolote. Anayesikiliza kwa makini hahitaji tena kuelezwa kwamba tamaa haikuletwa na wachawi.

Kisha msikilizeni mke wake anapopanga kumuua mfalme Duncan, ambaye atalala kwao usiku huo. Anasema mgeni anayekuja lazima aandaliwe, na mauaji yenyewe anayaita shughuli kubwa ya usiku huu. Kwa Kiswahili neno hilo linatisha zaidi, kwa sababu kumwandalia mgeni kwetu ni sufuria jikoni na maji ya kunawa mikono. Na mwanamke huyo huyo aliyelikwepa neno, anapotembea usingizini karibu na mwisho, anazungumza kwa nathari iliyokatikakatika, hana tena mizani ya ushairi aliyokuwa nayo, na anashangaa kwamba mzee yule alikuwa na damu nyingi namna ile. Neno alilolificha linamtoka akiwa amelala.

Hivyo ndivyo ninavyomjibu kijana wetu. Ningependa kusikia mnaonaje.

Sanawari Juu

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma uzi wako nikiwa Arusha, na ninaheshimu kazi unayoifanya na vijana, lakini kuna jambo linalonikera na nitalisema waziwazi.

Meli hakunyongwa kwa sababu ya dosari. Alinyongwa kwa sababu Wajerumani walikuja na bunduki kuchukua nchi isiyokuwa yao. Ukimwambia kijana amtafutie kosa mtu aliyenyongwa na mkoloni, unamwambia aisaidie mahakama iliyomhukumu. Kipimo cha Aristotle kilitengenezwa kwa ajili ya wafalme wa Kigiriki walioangushwa na miungu na koo zao. Kwetu kulikuwa na jeshi lenye mizinga. Je, hatuwezi kuwa na tanzia ambayo kosa lote liko upande wa pili? Mimi babu yangu mzaa mama alitoka Old Moshi, na katika nyumba yetu jina la Meli halitajwi ovyo. Nisingependa kukaa ukumbini nikatazama watoto wakijifunza kwamba alikuwa na "kasoro".

Mwalimu wa Rau

Marahaba, ndugu yangu wa Sanawari. Swali lako ni zito, na nafurahi umelileta kwa jina la babu.

Kwanza tukubaliane kwamba dosari ya shujaa haimtakasi muuaji wake. Mfano tunao nyumbani. Ebrahim Hussein alipoandika Kinjeketile mwaka 1969, alikuwa na kisa cha Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, na mtu ambaye Wajerumani walimnyonga kweli. Angeweza kumfanya malaika. Badala yake alimwumba mtu aliyetoka mtoni Rufiji amepagawa, akawapa watu maji ya dawa na neno kwamba risasi hazitawadhuru, akafanikiwa kuyaunganisha makabila ambayo yalikuwa hayaaminiani, na baadaye, fahamu zilipomrudia, akaanza kulitilia shaka neno lile lile. Anataka watu wasubiri na wajiandae. Lakini neno limekwisha kutoka, limekua kuliko yeye, na wapiganaji hawamsubiri. Hata anaposhikwa hakubali kulikana, kwa sababu anajua adui atalitumia kanusho lake kuwaambia watoto wetu kwamba waliopigana walikosea kupigana.

Katika tamthiliya hiyo Mjerumani hajapunguziwa hatia hata chembe. Kilichoongezeka ni uzito wa Kinjeketile, kwa sababu tunamwona amebanwa na neno lake mwenyewe, na wema wake na kosa lake haviwezi kutenganishwa: bila maji hakuna umoja, na kwa maji hayo watu wanakwenda kusimama mbele ya bunduki. Hussein alitahadharisha katika maelezo yake kwamba Kinjeketile wa jukwaani ameumbwa na mwandishi na asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Nadhani kijana wetu anapaswa kuandika tahadhari ya namna hiyo, na kuisema kabla pazia halijafunguliwa, ili wajukuu wa Old Moshi watakaokuwa ukumbini wajue wanamtazama nani.

Nimegundua pia, ninapoandika haya, kwamba Kinjeketile anaangushwa na lugha hasa. Silaha yake ilikuwa neno, na kilichomponza ni neno. Sijui tamthiliya nyingine ya Kiswahili ambayo dosari na lugha vimekuwa kitu kimoja kwa kiwango hicho.

Mama Kiboriloni

Mwalimu, umesahau kuwasimulia habari ya "Amina", nami nitaisimulia kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu mimi ndiye niliyeuliza habari ya chai na nimejisikia vibaya tangu siku ile.

Wakati fulani tulikuwa tunafanya mazoezi ya kipande cha Macbeth katika ukumbi wa kanisa. Aliyekuwa Macbeth ni kijana fundi wa kuchomelea vyuma, sauti yake nzito, na kila sentensi alikuwa anaipigia kelele. Tulifika pale ambapo ametoka kumuua mfalme, mikono ina damu, na anamweleza mke wake kwamba aliwasikia watu wawili usingizini, mmoja akiomba baraka ya Mungu na mwingine akiitikia Amina, naye akataka kuitikia akashindwa, neno likamkwama kooni, wakati yeye ndiye aliyekuwa na haja ya baraka kuliko wote.

Yule kijana akaisema kwa kelele kama kawaida. Mwalimu akamsimamisha, akamwambia asiigize chochote, ajaribu tu kusema Amina na asiweze. Akasimama. Akafungua mdomo. Tuliona shingo yake ikikaza na mdomo ukibaki wazi, na ukumbi mzima ukanyamaza hadi tukasikia pikipiki inapita barabarani. Mimi nilikuwa nyuma, nimeshika daftari, na nikajikuta nimesema "Amina" kwa niaba yake. Sikupanga. Mtu aliyezoea ibada hawezi kuliacha neno hilo likining'inia hewani.

Siku ile nililia, na wala simpendi Macbeth, ni muuaji. Nililia kwa sababu nilijua mwenyewe uzito wa neno lile ambalo halikutoka. Kwa hiyo mwanangu mwandishi asidhani mimi nina moyo mgumu. Katika muswada wake mama wa Meli anasema, "Mwanangu, historia itakukumbuka." Hakuna mama wa Kichaga, wala mama wa mahali popote, anayemwambia mwanawe maneno hayo anapokwenda kunyongwa. Nimezika mtoto, najua ninachosema. Mama atauliza kama amekula.

Kijana wa Muswada

Shikamoo mwalimu, shikamoo mama. Mimi ndiye mwandishi wa muswada unaozungumzwa. Nimesoma kila neno na nawashukuru, ingawa jana usiku sikulala vizuri.

Swali langu ni la kazi. Nikisema Meli awe na dosari, niichukue wapi? Nilijaribu kumpa ulevi nikaona ni matusi. Nilijaribu kumpa mapenzi ya binti wa upande wa pili nikaona ni filamu. Na kuhusu lugha, nimeandika kila mtu kwa Kiswahili sanifu kwa sababu nilitaka kazi iwe na heshima. Nitofautishe vipi sauti zao bila kuwafanya wengine waonekane wajinga?

Mwalimu wa Rau

Mwanangu, umefanya vema kuvifuta vyote viwili. Dosari ya kubandikwa huonekana kama kiraka. Itafute ndani ya jambo bora kabisa alilolitenda mtu wako, na katika kisa chako jambo hilo lina mwezi na mwaka: Juni 1892. Kijana aliyekalia kiti cha baba yake kwa muda mfupi tu anawashinda Wajerumani, na kamanda wao, von Bülow, anafia katika mapigano hayo. Jiulize ushindi wa namna hiyo unaufundisha nini ulimi wa kijana. Atazungumzaje na wazee kesho yake? Atamkatiza nani ambaye zamani asingethubutu kumkatiza? Simwelezi Meli wa historia hapa, namweleza mtu unayemwumba wewe. Ushindi ule ulikuwa wa haki na wa kujivunia, na ndiyo maana unafaa: hadhira itaushangilia pamoja naye, na itakuwa imeshiriki kosa lake kabla haijajua kwamba ni kosa.

Baada ya hapo chukua miaka ya kutoka 1893 hadi 1900, ambayo katika muswada wako umeiruka kwa sentensi moja ya msimulizi. Huko ndiko tamthiliya iliko. Mtu aliyeshinda mara moja anaishi miaka ile chini ya macho ya waliomshinda. Je, anazungumza kama mshindi wakati si mshindi tena? Analikwepa neno gani?

Kuhusu adui zake, umemfanya Marealle wa Marangu, ambaye katika siasa za wakati ule alikuwa upande wa Wajerumani, kuwa mtu anayecheka peke yake gizani. Mpe sababu ambazo yeye mwenyewe angezitetea mbele ya watoto wake. Na kama kuna uchochezi, jifunze kwa Iago. Katika Othello, ambamo Iago anamchochea jemadari wake Othello amwonee wivu mkewe, moja ya sumu zake za mwanzo ni kurudia tu neno la bwana wake kwa kuuliza. Othello anamuuliza kama fulani ni mwaminifu, Iago anajibu, "Mwaminifu, bwana wangu?" Hakusema uongo wowote, ila neno limerudi likiwa na ufa. Kadiri tamthiliya inavyoendelea, Othello, ambaye mwanzoni alijitetea mbele ya wakuu wa Venice kwa sentensi ndefu zilizotulia, anaanza kutumia picha za wanyama ambazo mwanzoni zilikuwa mali ya Iago, hadi anazimia akiwa anatamka vipande vya maneno. Tunausikia ugonjwa ukihama kutoka kinywa kimoja hadi kingine.

Kiswahili sanifu kibaki. Sauti hazitofautishwi kwa makosa ya sarufi. Mtu mmoja anauliza sana, mwingine hajibu swali, mwingine anahesabu, mwingine kila anapobanwa anakimbilia methali. Mpe kila mmoja tabia yake ya kusema, kisha uivunje siku atakayovunjika yeye.

Sanawari Juu

Nimerudi, na nimelainika kidogo, hasa kwa maneno ya mama wa Kiboriloni. Pole sana mama yangu kwa msiba huo.

Nilipokuwa nafikiria jibu nilimkumbuka Brutus. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthiliya ile ya Shakespeare juu ya Kaizari, mtawala wa Roma, mwaka 1963, akairudia mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na sisi wengine tuliisoma tukiwa vijana bila kujua tunachokisoma. Brutus, mmoja wa waliomuua Kaizari, ni mtu mwadilifu kweli, na kosa lake ni kudhani kwamba watu wote husikiliza kama yeye anavyosikiliza. Anasimama mbele ya umati kwa nathari, anapanga hoja zake kama anayemfundisha mtu mmoja mwenye akili timamu, kisha anamruhusu Antony, rafiki wa Kaizari, azungumze baada yake na yeye mwenyewe anaondoka. Antony anakuja kwa ushairi, na maiti, na machozi. Anarudia tena na tena kwamba Brutus ni mtu wa heshima, hadi neno "heshima" lenyewe linaoza masikioni mwa watu. Brutus alishindwa pale alipoamini kwamba ukweli ukishasemwa mara moja, kwa ufupi, unatosha. Sikumlaumu kamwe kwa kuwa mwadilifu, na bado nililia.

Kwa hiyo nakubali kwamba inawezekana kumpa Meli dosari bila kumvunjia heshima. Ombi langu kwa mwandishi ni moja: kosa lake liwe kubwa kama yeye. Usimpe kosa la mtu mdogo.

Kijana wa Muswada

Nimeandika upya usiku huu. Naweka hapa vipande vitatu vifupi, na mzee mshauri nimemwumba mwenyewe.

Kipande cha kwanza, Juni 1892, usiku wa ushindi:

MZEE: Mangi, tuhesabu. Wangapi wamerudi, wangapi wamebaki porini.
MELI: Leo watu wanaimba, baba. Tutahesabu kesho.

Kipande cha pili, Agosti 1893, risasi zinasikika kwa mbali:

MZEE: Mangi, tuhesabu. Bunduki zao ni nyingi kuliko za mwaka jana.
MELI: Mwaka jana pia ulitaka kuhesabu. Tutahesabu kesho.

Kipande cha tatu, 2 Machi 1900, chini ya mti. Mama amekwisha kuuliza kama amekula. Mzee amefungwa mikono, ni wa mwisho kwenye mstari. Meli anawatazama wenzake mmoja mmoja.

MELI: Moja. Mbili. Tatu. Nne...
MZEE: Unafanya nini, mwanangu?
MELI: Nahesabu, baba.

Anaendelea kuhesabu polepole hadi kumi na nane, kisha ananyamaza. Ya kumi na tisa hajaitamka. Sijui kama niizime taa hapo au niongeze maneno ya msimulizi.

Mama Kiboriloni

Usiongeze neno. Nimesoma nikiwa dukani nikashindwa kumrudishia mteja chenji.

Mwalimu wa Rau

Zima taa. Ila katika kipande cha pili ondoa "mwaka jana pia ulitaka kuhesabu", mwache ajibu kwa haraka kama mtu asiyekumbuka kwamba aliwahi kulisema. Hadhira itakumbuka kwa niaba yake. Na Jumamosi saa nane, ukumbi ule ule, lete nakala saba. Sehemu ya mzee mshauri nitampa yule mzee wetu wa simu.